Maisha ya Ernst May, Mchora Ramani za Miji

Watu wengi wapitao Moshi mjini huliona jengo la ghorofa la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, yaani KNCU, wala hawaulizi ni nani aliyelichora. Nyumba hutajwa kwa jina la mwenyewe, au kwa jina la fundi ikiwa imepasuka ukuta, lakini mchora ramani yake husahauliwa upesi. Aliyelichora jengo hilo alikuwa Mdachi, jina lake Ernst May. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za maisha yake, maana ni mtu aliyechora miji katika Ulaya, katika Urusi na katika Afrika ya Mashariki, naye aliishi nasi huku karibu miaka 20. Habari zake twazijua vizuri kwa sababu moja kubwa, nayo ni hii: ramani, barua na picha za kazi zake hazikutupwa.

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisoma usanifu wa majengo Darmstadt na Munich, na katikati ya masomo hayo alikwenda Uingereza. Safari ile ndiyo iliyomgeuza. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1912 alifanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyejulikana sana kwa kupanga vitongoji vyenye bustani. Wakati ule miji ya viwanda ya Ulaya ilikuwa mibaya kwa maskini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, choo kilikuwa cha watu wengi, jua halikuingia ndani, na kifua kikuu kiliua watu kila mwaka. Unwin na wenzake walisema kwamba mfanyakazi naye anahitaji hewa, mwanga na kipande cha ardhi cha kupanda mboga. Kijana May aliyashika maneno hayo, na hakuyaacha mpaka kufa kwake.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha alipewa kazi katika jimbo la Silesia, katika mji wa Breslau ambao sasa uko Poland na huitwa Wrocław. Huko alikaa kutoka mwaka 1919 hadi 1925 akijenga nyumba ndogo za wakulima na za watu waliopoteza makazi. Fedha hazikuwapo. Basi alijifunza kuchora nyumba moja vizuri, kisha kuirudia mara nyingi, ili milango iwe ya kipimo kimoja, madirisha ya kipimo kimoja, na seremala asianze upya kila siku. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililomfungulia njia.

Mwaka 1925 mji wake wa Frankfurt ulimwita awe mkuu wa ujenzi wa mji mzima. Alikuwa na umri wa miaka 39. Katika miaka mitano tu yeye na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 12,000. Walijenga vitongoji vipya pembeni mwa mji, kama vile Römerstadt, Praunheim na Westhausen, na watu wa nchi nyingine wakawa wanakwenda kuvitazama. Nyumba zilikuwa na paa bapa na kuta nyeupe, zimepangwa kwa safu, na nyingi zilikuwa na bustani. Ili kazi iende haraka, May alianzisha karakana ya kutengeneza vipande vikubwa vya zege. Vipande hivyo vilikaushwa, vikapelekwa kwenye kiwanja, vikainuliwa kwa winchi na kupangwa kama mtoto apangavyo vibao, na kuta za nyumba zikasimama kwa siku chache. Watu wasio na kazi walipata kazi katika karakana ile.

Hapa lazima nimtaje mwanamke mmoja, kwa kuwa wasichana wa shule yetu wameniomba nisimsahau. Jina lake Margarete Schütte-Lihotzky, naye alizaliwa Vienna mwaka 1897. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi yake kusomea usanifu wa majengo. May alimwita Frankfurt, na mwaka 1926 yeye ndiye aliyechora jiko lililokuja kujulikana duniani kama jiko la Frankfurt. Lilikuwa na upana wa kama mita 1.9 na urefu wa kama mita 3.4 tu. Kabla ya kulichora alihesabu hatua ambazo mama hutembea anapopika, akapima kwa saa muda wa kila kazi, akatazama pia jiko dogo la ndani ya gari la moshi ambamo mpishi hulisha abiria wengi bila kuhangaika. Kisha akapanga kila kitu mahali pake: meza chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na droo ndogo za kuwekea mchele, sukari na unga. Droo ya unga ilikuwa ya mti wa mwaloni, kwa sababu mwaloni huzuia wadudu. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalitengenezwa na kutiwa katika nyumba za Frankfurt. Mama yangu, nilipomsomea habari hizi wakati wa likizo, alitaka kujua moshi ulitokea wapi. Nikamjibu kwamba walipikia gesi au umeme. Akasema kumbe ndiyo maana.

Si kila mtu alizipenda nyumba hizo. Wengine walisema ni visanduku. Kodi nayo ilikuwa juu, hata wafanyakazi wa mshahara mdogo kabisa hawakuweza kuilipa, na nyumba nyingi zikakaliwa na makarani na mafundi wenye kipato cha wastani. Mimi naona hilo ni jambo la kukumbukwa, maana May alikusudia kumjengea maskini, na maskini akabaki nje. Mwaka 1929 wasanifu wa mataifa mengi walikutana Frankfurt kujadili nyumba ndogo kabisa inayomfaa binadamu, na bei ilikuwa fundo lisilofunguka. Mwaka huohuo biashara ya dunia ikaanguka, na fedha za kujenga zikaanza kukauka.

Ndipo Warusi walipomwita. Mwaka 1930 May alipanda gari la moshi kwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na kundi la wataalamu wapatao kumi na saba, Margarete akiwamo. Serikali ya huko ilikuwa inajenga viwanda vikubwa vya chuma katika nyika tupu, nayo ilitaka miji mizima ichorwe kwa miezi. Mji mmoja ulikuwa Magnitogorsk, chini ya milima ya Ural. May alipofika alikuta kiwanda kinajengwa na watu wameanza kukaa katika mahema na mabanda, huku ramani ya mji ikiwa bado haijachorwa. Alichora, ikabadilishwa, akachora tena, ikabadilishwa tena. Vifaa havikuwapo, maamuzi yalikuwa ya wakubwa wa Moscow, na mwisho ni sehemu ndogo tu iliyojengwa kama alivyotaka. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1933 hakuwa na pa kurudi. Ujerumani ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Hitler, na magazeti ya chama chake yalimshambulia May kwa kwenda Urusi na kwa asili ya Kiyahudi iliyokuwa katika ukoo wake. Kurudi kwao kulikuwa hatari.

Basi akaja Tanganyika. Mapema mwaka 1934 alifika na mkewe Ilse na watoto wao wawili wa kiume, akanunua shamba karibu na Arusha. Msomaji ajaribu kufikiri: mtu aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa mji mkubwa wa Ulaya, umri wake miaka 47, sasa ni mkulima mgeni katika nchi iliyokuwa chini ya Waingereza, anajifunza majira ya mvua. Hakuwa amelima hapo kabla. Alifanya kazi ya shamba miaka mitatu hivi. Mwaka 1937 aliliuza, akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya kuchora majengo. Nafikiri moyo wake haukuwa shambani hata siku moja.

Ofisi ile ya Nairobi ndiyo kiini cha habari yangu. Alianza kwa kuchora nyumba za walowezi, kisha majengo makubwa zaidi. Alipokuwa anaanza kupata jina, Vita Kuu ya pili ikaanza mwaka 1939. Ingawa aliikimbia Ujerumani ya Hitler, kwa Waingereza alihesabiwa kuwa raia wa adui, nao wakamweka kizuizini na kumpeleka Afrika ya Kusini, ambako alikaa kambini kwa muda wa kama miaka miwili. Aliporudi Nairobi alianza upya. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini yeye alikuwa amekwisha kuanza upya mara tatu kabla ya hapo.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, katika vilima vya Kololo na Naguru. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Kwa ufundi ni kazi nzuri. Barabara zinafuata umbo la vilima badala ya kuvikata, mabonde yameachwa wazi yawe viwanja na bustani, nyumba zimekaa mahali penye upepo, na kila mtaa una shule na soko lake. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Ramani ile iliwagawa watu kwa rangi. Wazungu na Wahindi walikuwa na sehemu zao, na Waafrika walitengewa sehemu yao upande wa Naguru. Katika taarifa yake May alimtazama Mwafrika kama mtu wa kulelewa polepole mpaka azoee maisha ya mji, kana kwamba kibuga cha Kabaka hakikuwapo Mengo tangu zamani, na miji ya pwani kama Kilwa na Lamu haikujengwa kwa mawe karne nyingi kabla ya Frankfurt kuwa na sinki la jikoni. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya ukoo wake alikuja kuchora mipaka ya ukoo katika nchi ya wengine. Nimesoma jambo hili mara nyingi nikitafuta namna ya kumtetea, nami sikuipata. Waweza kusema alifuata amri za serikali iliyomlipa, na ni kweli, ila hakuna palipoonyesha kwamba alizipinga.

Katika miaka hiyohiyo alibuni nyumba ya bei nafuu kwa wafanyakazi wa Kiafrika. Ilikuwa ya vipande vya zege vilivyotengenezwa karakanani na kuunganishwa kwa kulabu, na umbo lake lilikuwa la tao, limepinda kutoka chini mpaka juu, ukuta na paa vikiwa kitu kimoja. Alisema umbo hilo lafanana na msonge wa Kiafrika. Nyumba hiyo haikuenea. Nilipomwonyesha picha yake mwalimu wetu wa jiografia, aliuliza kabati lingesimama wapi, kwa kuwa ukuta umeinama. Swali hilo latosha.

Sasa nafika Moshi, ambako mambo yalikuwa tofauti. KNCU ilianzishwa mwaka 1933, na wanachama wake walikuwa Wachaga waliolima kahawa katika mashamba madogo, kila mtu na kihamba chake, wakauza pamoja ili wasidanganywe bei. Baada ya vita bei ya kahawa ilipanda, na chama kikawa na fedha. Viongozi wake waliamua kujenga makao ambayo yangekuwa zaidi ya ofisi. Walimpa May kazi hiyo, na jengo likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake kulikuwa na ofisi za chama, maduka, maktaba, mahali pa mafunzo ya biashara, na vyumba vya wageni vilivyojulikana kwa jina la mti wa kahawa. Mkulima aliyeshuka kutoka Marangu au Machame kwa shughuli za chama aliweza kulala katika nyumba iliyojengwa kwa kahawa yake mwenyewe.

Wazazi wetu wa Mbozi, ambao pia ni wakulima wa kahawa, watanielewa nikisema kwamba hapa ndipo napompenda May zaidi. Kampala aliwachorea watu ambao hawakuulizwa. Moshi wenyewe walikuwa ndio waajiri. Walijua wanataka nini, walilipa, na angekosea wangemwambia. Nadhani ndiyo maana jengo lile bado lina kazi mpaka leo, na mabadiliko ya serikali zote zilizopita hayakuliondolea maana.

Namna yake ya kujenga katika nchi za joto yafaa kuelezwa kidogo, kwa kuwa tunaweza kuitazama sisi wenyewe bila kwenda chuo. Katika Ulaya alikuwa akilikaribisha jua, huku alilizuia. Jua letu huchomoza mashariki na kutua magharibi likiwa kali na chini, likaingia moja kwa moja dirishani. Kwa hiyo alilaza majengo yake ili kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Juu ya madirisha aliweka vivuli vya zege, na mbele ya vyumba akaweka baraza ndefu. Matundu yaliachwa pande mbili za chumba ili upepo uingie upande huu na kutokea upande wa pili. Ukifungua dirisha upande mmoja tu, hewa husimama. Mambo hayo aliyafanya pia katika hospitali ya wazazi ya Aga Khan kule Kisumu na katika hoteli ya Oceanic kule Mombasa, iliyokuwa imepinda ili vyumba vyake vitazame bahari. Sisi wa Tunduma twaweza kusema kwamba mwezi wa Juni na Julai hatuhitaji mtu wa kutuzuilia jua, maana baridi ya huku wageni wote wanaijua. Lakini hata hivyo kanuni ni ileile: anayejua jua linapita wapi huchagua aingize au azuie.

Mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na kazi za ujenzi zikapungua. Mwishoni mwa mwaka 1953 May aliondoka Nairobi, akarudi Ujerumani akiwa na miaka 67. Wengi katika umri huo hupumzika. Yeye alikwenda Hamburg akawa mkuu wa mipango wa kampuni kubwa ya nyumba iitwayo Neue Heimat, akashughulika kujenga tena mitaa iliyoteketezwa kwa mabomu. Tangu mwaka 1957 hadi 1962 alishiriki katika kupanga kitongoji cha Neue Vahr mjini Bremen, chenye nyumba kama 10,000. Chuo cha Darmstadt kilimpa uprofesa wa heshima. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970.

Sasa nieleze habari ya karatasi. Ofisi ya msanifu huacha vitu vingi kuliko mtu adhaniavyo. Kwanza ni michoro ya mawazo, iliyochorwa kwa penseli kwa haraka. Kisha ramani ya kiwanja, ramani ya kila ghorofa, sura ya mbele na ya pembeni, na mkato unaoonyesha nyumba kama keki iliyokatwa kwa kisu. Ramani huchorwa kwa kipimo, kwa mfano 1:100, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Sehemu ngumu kama ngazi huchorwa kubwa zaidi, 1:20 au hata 1:5. Pamoja na hizo kuna orodha ya vifaa na bei, mikataba, barua za mwenye nyumba akilalamika, picha za kazi ikiendelea, na mabadiliko yaliyofanywa kiwanjani. Mabadiliko hayo ndiyo ya thamani kuliko yote, kwa kuwa nyumba iliyojengwa haifanani kamwe na nyumba iliyochorwa.

Ramani na barua nyingi za May zimehifadhiwa Ujerumani, katika Makumbusho ya Taifa ya Kijerumani mjini Nuremberg, na nyingine katika Makumbusho ya Usanifu mjini Frankfurt. Mwaka 2001 makumbusho hayo ya Frankfurt yalifanya maonyesho ya kazi zake za Afrika peke yake, na mwaka 2011 yakafanya maonyesho ya maisha yake yote. Mwaka 2003 kikaundwa chama cha watu wanaotunza kumbukumbu zake, nacho kimetengeneza nyumba moja ya Römerstadt mpaka ikafanana na siku ilipojengwa, rangi za kuta zikiwa zilezile na jiko la Margarete likiwa mahali pake.

Jambo hili lanifurahisha na lanisumbua pamoja. Lanifurahisha kwa kuwa kazi haikupotea. Lanisumbua kwa kuwa mwanafunzi wa Moshi akitaka kuona mchoro wa kwanza wa jengo lililo mtaani kwao, lililojengwa kwa kahawa ya babu yake, huenda ikamlazimu kuutafuta Ulaya. Tena katika karatasi hizo jina la May lipo kila mahali, na la mwenye kulipa lipo, lakini waashi waliopanda jukwaa na karai la zege kichwani hawatajwi ila kama hesabu ya vibarua na mishahara. Mtu angeweza kuandika kitabu kizima juu ya jengo hilo asimtaje hata mmoja aliyeligusa kwa mkono.

Huku kwetu karatasi zenyewe mara nyingi hazipo. Muhula uliopita bomba la maji lilipasuka chini ya ardhi katika shule moja ya bweni niijuayo vizuri. Fundi alikuja na sururu akauliza bomba limepita wapi. Mlinzi akasema huku, mpishi akasema kule, mwalimu mmoja mkongwe akakumbuka kwamba lilihamishwa wakati wa kujenga bweni jipya, lakini hakukumbuka upande. Mashimo manne yalichimbwa, wanafunzi wakateka maji ya kisima siku sita, na bomba likapatikana katika shimo la tano, karibu na mwembe. Ramani ilikuwapo zamani, ikakabidhiwa mtu, mtu akahama. Karatasi moja ya 1:100 ingeokoa siku hizo zote.

Mji wetu wa Tunduma wakua kwa haraka kuliko miji mingi. Kila mwezi nyumba mpya na maghala yanainuka pembeni mwa barabara ya kwenda Zambia, malori yanaongezeka, na tangu mkoa wa Songwe uundwe mwaka 2016 majengo ya serikali nayo yameongezeka hapa na kule Vwawa. Nimewauliza mafundi watatu wa mtaani kama hutunza ramani za nyumba wanazojenga. Mmoja alinionyesha daftari la shule lenye vipimo vya nyumba tisa, limefungwa ndani ya mfuko wa saruji lisilowe. Wa pili alisema ramani hubaki kwa mwenye nyumba. Wa tatu alijigonga kidole kwenye paji la uso, akacheka.

Nchi yetu ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam, yenye hata majalada ya wakati wa Wadachi, na sheria yake ilipitishwa mwaka 2002. Zanzibar nao wana hifadhi yao pale Kilimani. Halmashauri hupokea ramani kila mtu anapoomba kibali cha kujenga, kwa hiyo ramani za sehemu kubwa ya mji wetu zimo tayari katika kabati fulani. Nimemwomba mwalimu wetu wa historia atupeleke siku moja tukaulize namna zinavyotunzwa, naye amekubali, ila amesema tungoje mtihani wa taifa upite. Yule fundi mwenye daftari nimemwomba niazime kwa siku mbili ili ninakili nyumba zake tisa kwa kipimo, na nimekwisha kumaliza nne. Ya tano ina vyumba ambavyo jumla yake imezidi ukuta wa nje kwa futi moja na nusu, nami nitamwuliza Jumamosi.